Shajara ya mradi: Vilima vya ng'ambo ya ghuba kwa rangi za mafuta

Mei, mwishoni

Mradi ni huu: kuchora vilima vya upande wa Sengerema kama vinavyoonekana kutoka ufukwe wa Luchelele, kwa rangi za mafuta za tyubu, kwa namna ya wale waimpreshonisti wa Ufaransa, wachoraji wa karne ya 19 waliotoka nje kuukamata mwanga kwa mipigo ya rangi. Nataka nifikie ubao mmoja mkubwa, sentimeta 60 kwa 90, ambao mtu wa Mwanza akiuona atataja saa ya siku bila kuambiwa. Umbo la mlima halinisumbui. Nimechora mabango na kuta za maduka kwa miaka, na mkono unajua kufuata mstari. Ninachokitafuta ni mwanga.

Kazi ya bango inataka rangi iliyolala sawasawa na ukingo uliokatwa safi, maana herufi lazima isomeke na mtu aliye ndani ya daladala inayokwenda. Uchoraji wa Tingatinga una undugu na kazi hiyo. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa, ileile ya kupakia baiskeli. Naiheshimu sana njia ile na sina mpango wa kuiacha. Lakini rangi ya namna ile huanza kushika upesi, na mimi hapa nahitaji rangi inayokubali kuchanganywa mbichi juu ya mbichi, papo hapo ubaoni. Rangi ya tyubu hufungwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, na mafuta hayo hayakauki kwa kutoa mvuke kama maji. Hukauka kwa kunywa oksijeni ya hewani, taratibu, kwa hiyo asubuhi nzima rangi inasogezeka.

Tyubu yenyewe ndiyo iliyofungua mlango. Zamani rangi iliyokwisha kusagwa ilihifadhiwa kwenye kibofu cha nguruwe. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aliyekuwa London, John Goffe Rand, alisajili tyubu ya bati inayokunjika, na kizazi kilichofuata kikaweza kubeba rangi zote mfukoni hadi mtoni. Mwaka 1874, Claude Monet na waimpreshonisti wenzake walipofanya maonyesho yao ya kwanza Paris, sehemu kubwa ya walichoonyesha isingewezekana bila kile kifuko cha bati.

Juni, wiki za mwanzo

Vifaa. Tyubu nimeagiza Dar, zikaja na basi. Nimechukua chache kwa makusudi: nyeupe ya titani, njano ya kadimi, oka ya njano, siena iliyochomwa, nyekundu ya alizarini, bluu ya ultramarini, bluu ya kobalti na kijani cha viridiani. Nyeusi sikuagiza. Waimpreshonisti waliikwepa sana, na sababu yao inaeleweka mara tu unapochanganya ultramarini na siena iliyochomwa: unapata giza zito unaloweza kulivuta kuelekea bluu au kuelekea kahawia, wakati nyeusi ya kwenye tyubu hukaa palepale na kuua kilicho jirani yake.

Kanvasi ya kununua ni ghali, na kwa mazoezi haina ulazima. Fundi seremala wa mtaani kwetu alinikatia hadibodi vipande vya sentimeta 20 kwa 30. Vingine nimevipaka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia ubao, moja kwa moja, vingine nimevivisha kitambaa cha marekani nikakibandika kwa jeso yenyewe. Tabaka hilo ni la lazima. Mafuta ya kitani yakigusa kitambaa kitupu hukila polepole, baada ya miaka kinakuwa cha kuvunjika. Juu ya jeso nimepangusa siena nyembamba iliyotiwa tapentaini, ubao ukawa na rangi ya udongo wa tofali. Wafaransa wengi wa kundi lile walipenda tabaka la chini liwe jeupe au la rangi hafifu. Mimi nataka ule wekundu ubaki ukichungulia katikati ya mipigo ya bluu, kwa sababu ardhi ya huku hufanya hivyohivyo katikati ya majani.

Brashi zangu za herufi zina nywele ndefu na laini, hazifai. Nimenunua bapa za nywele za nguruwe, fupi na ngumu. Brashi bapa zilienea karne ya 19, baada ya mafundi kuanza kubana nywele kwa kikuku cha bati, na ndizo zilizowapa watu wa kina Monet ule mpigo mpana wa mraba. Ukiikandamiza inaacha matuta ya rangi, ukiipitisha kwa wepesi inaruka na kuacha matundu. Jioni nzima nimepiga mistari kwenye ubao wa mabaki, nione tu inavyofanya.

Neno la usalama kwa yeyote atakayefuata njia hii: matambara ya kufutia mafuta ya kitani usiyarundike. Yakinywa oksijeni yanatoa joto, na yakiwa yamekunjana joto halitoki, yanaweza kuwaka yenyewe. Mimi nayatandaza kwenye waya nje, yakikauka ndiyo nayatupa.

Juni, katikati

Nimeanza kwenda ufukweni. Somo la kwanza ni saa.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua letu linapanda na kushuka karibu wima, halitambai pembeni kama la Ufaransa, ambako jioni ya kiangazi mchoraji ana mwanga wa kulala kwa saa nyingi. Mwezi huu linachomoza karibu saa moja kasoro dakika kumi asubuhi na kuzama saa moja kasoro kidogo jioni. Mwanga ninaouhitaji, ule wa kupiga milima ubavuni au usoni ukiwa na rangi, unadumu kama saa moja na nusu kila upande wa siku. Katikati, kuanzia saa nne hadi saa tisa, vilima vinabaki bapa, vivuli vimejificha chini ya mawe, na hakuna cha kuchora ila joto.

Kwa hiyo njia ya Monet inanifaa kuliko nilivyotarajia. Alipochora matita yake ya nafaka mwaka 1890 na 1891 alikuwa na kanvasi kadhaa pembeni. Mwanga ukihama, aliiweka chini moja akachukua nyingine, na kesho yake akairudia ya kwanza kwa saa ileile. Nimeziandika hadibodi zangu kwa nyuma: moja ya saa moja, moja ya saa mbili kasoro, moja ya saa kumi na moja jioni, moja ya machweo. Sigusi ya saa mbili ikiwa saa moja. Ubao mdogo unajaa kabla mwanga haujaondoka, ndiyo maana ya zile sentimeta 20 kwa 30.

Asubuhi kuna jambo zuri mno. Nyuma yangu, upande wa Nyegezi, kuna vilima vinavyozuia jua, kwa hiyo sisi wa ufukwe huu bado tumo kivulini wakati kilele cha ng'ambo kimeshawaka. Mwanga unaanzia juu, rangi ya ndani ya embe, unateremka ubavuni mwa mlima hadi ugonge maji. Chini yake kila kitu bado ni bluu. Sehemu hizo mbili hazina tofauti kubwa ya ung'avu, tofauti yao ni ya joto na baridi. Nikizifinya zote kwa macho yaliyofumbwa nusu, karibu zinaungana. Mazoea ya bango yananiambia nitie nyeupe juu na giza chini. Jicho linakataa: tia joto juu, baridi chini, ung'avu uache karibu sawa.

Julai

Kiangazi kimekolea na nyasi zinachomwa pande zote. Vilima vya Sengerema vimesogea mbali.

Vitabu vya kufundishia husema mlima wa mbali upakwe bluu. Chanzo chake ni kweli: chembe za hewa hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, na hewa ile iliyo kati yako na mlima inaweka pazia la bluu mbele ya kitu cheusi. Lakini moshi na vumbi ni punje kubwa zaidi, zinatawanya rangi zote kwa pamoja, na pazia linakuwa jeupe. Julai hii mlima wa mbali una rangi ya maziwa yaliyodondoshewa zambarau kidogo. Ukiupaka bluu ya Ulaya unachora nchi nyingine.

Nimechanganya hivi: nyeupe nyingi, kobalti kidogo, alizarini ya kugusa tu, kisha siena kwa ncha ya kisu ili kuituliza. Mbingu iliyo juu yake nimeiwekea mchanganyiko huohuo ukiongezwa oka. Mlima na mbingu vinakaribia kugusana, na ukingo kati yake nimeuvuta kwa brashi kavu mpaka ukapotea sehemu mbili, ukabaki mahali pamoja tu penye mteremko mkali. Kwa aliyezoea kukata herufi, kuupoteza ukingo kwa makusudi ni kazi inayotaka ujasiri. Nimegundua inasaidia kuamua mapema: kabla ya kugusa rangi nachagua ni wapi ukingo utakuwa mkali, mahali pamoja au pawili, na kwingine kote nalegeza.

Fundi seremala alikuja kuchukua kipimo cha sanduku nililomwagiza. Akauona ubao wa jioni umeegemea ukutani, akasimama. “Hii ni kama saa kumi na moja na nusu,” alisema. “Moshi wa kupika bado haujaanza.” Alikosea kwa muda mfupi sana. Nilifurahi siku nzima.

Lile sanduku sasa liko tayari. Kila upande lina mifereji ya kina cha kidole, mbao mbichi zinateleza ndani zikisimama wima bila kugusana. Nalifunga nyuma ya bodaboda, na rangi inafika nyumbani ilivyotoka ufukweni, isipokuwa siku za vidudu vya ziwani. Vikitua kwenye mbingu mbichi havitolewi. Ukijaribu, vinaburuta rangi. Acha vikauke humo, kisha vipanguse kwa brashi kavu.

Agosti

Mwezi wa mawe. Hapa ndipo moyo wa mradi, na nitaandika kwa kirefu.

Mbele ya picha yangu, kushoto, kuna rundo la majabali yanayoingia majini. Mwanza inajulikana kwa hayo, na kila mtu akiulizwa rangi yake atajibu kijivu. Nimekaa mbele ya jabali moja, wiki baada ya wiki, na kijivu chenyewe sijakiona. Granaiti ya huku ina chembe za waridi, chembe za kung'aa kama kioo na vidoa vyeusi. Juu yake kuna kuvu wa mawe, wa chungwa na wa kijani kilichopauka. Juu kabisa, wanapokaa minandi, kinyesi chao kimeteremsha michirizi myeupe. Hayo yote ni rangi ya jiwe lenyewe, kabla jua halijasema neno.

Kisha kivuli. Upande wa jabali ulio kivulini unatazama mbingu kwa juu, kwa hiyo mabega yake ni bluu kweli, bluu ya kobalti iliyotulizwa. Tumbo lake halioni mbingu, linaona mchanga uliopigwa na jua, na mchanga unarusha mwanga wake juu: hapo kivuli ni cha chungwa iliyofifia. Pale jiwe linapogusa maji kuna ukanda wa kijani wa unyevu na mwani. Kivuli kimoja, rangi tatu, na zote zina ugiza unaolingana. Ugiza ukitofautiana, jabali linapasuka vipande. Ukilingana, linasimama, na rangi zinatetemeka ndani yake.

Aliyenifundisha zaidi ni mjusi. Yule wa mawe wa huku, dume lake kichwa na mabega ni mekundu ya waridi na mwili ni bluu iliyokolea. Wataalamu wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Alipanda juu ya jabali nililokuwa nalichora, akatulia akiinua na kushusha kichwa. Nikaona jiwe lililo karibu na kichwa chake limegeuka kijani kidogo. Akahama, kijani kikahama naye. Hakuna kilichobadilika kwenye jiwe.

Jambo hilo lilishughulikiwa na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Watu walilalamika kwamba rangi nyeusi ya kiwanda ni dhaifu. Akakuta dawa haina kasoro: weusi ulidhoofishwa na nyuzi zilizofumwa kando yake. Kitabu chake cha 1839 kilieleza kwamba kila rangi huisukuma jirani yake kuelekea rangi iliyo kinyume nayo, nyekundu kuelekea kijani, bluu kuelekea chungwa. Kizazi cha wachoraji kilikua na maarifa hayo mezani.

Tangu siku ya mjusi nimeacha kuchanganya rangi ya jiwe kwenye kibao mpaka iwe moja. Naweka mpigo wa waridi uliopauka, kando yake mpigo wa kijani-kijivu, kando yake bluu, kila mmoja umelala mara moja na haurudiwi. Ukisimama hatua tatu nyuma, vinakuwa granaiti. Ukisogea, ni vipande vya rangi. Brashi naifuta kila baada ya mipigo michache, la sivyo rangi zinaingiliana na kuwa tope.

Hapa niseme ninachokiamini, na nakisema kwa wachoraji wenzangu wa Kanda ya Ziwa hasa. Kutoka kwa Wafaransa tuchukue namna ya kutazama, rangi zao tuwaachie. Paul Cézanne, aliyeshiriki maonyesho yale ya 1874, alirudi kwenye mlima mmoja, Sainte-Victoire, hadi miaka ya mwisho ya uhai wake. Monet alikwenda Norway mwanzoni mwa 1895 akachora mlima Kolsås katika theluji, na alichora theluji ya pale, hakubeba mwanga wa Giverny, kijiji chake cha Ufaransa. Sisi tuna majabali yaliyobebana kuanzia Bugando hadi Igombe, na watu wanatoka mbali kuja kulipiga picha Jiwe la Bismarck. Yanastahili kutazamwa kwa uvumilivu huohuo.

Agosti, mwishoni

Maji. Mzee mmoja mvuvi anayeshona nyavu pale ufukweni amezoea kuniona. Nilimwamkia, “Shikamoo babu,” akaitikia na kuniuliza nangoja nini. Nikamwambia maji yananishinda, kila nikitazama yamebadilika.

“Usitazame maji, mwanangu. Tazama upepo,” alisema. “Ona ule mstari mweusi, pale upepo umegusa. Hapa karibu haujafika. Ukifika hapa, kule kutakuwa kumenyamaza.”

Ni hivyo kabisa. Penye utulivu maji yanarudisha mbingu ya chini, iliyo hafifu, pamoja na mlima. Penye viwimbi kila kiwimbi kimeinama na kurudisha mbingu ya juu zaidi, iliyokolea, kwa hiyo ukanda unaonekana wa giza. Sasa nachora kanda: mipigo ya mlalo, mirefu karibu nami, mifupi na myembamba kuelekea ng'ambo. Kivuli cha mlima majini nakivuta wima kwanza, kisha nakikata kwa ukanda mmoja wa upepo. Babu aliutazama ubao akasema upepo ule ni wa kutoka nchi kavu, wa asubuhi. Ndio nilioukusudia.

Septemba

Ubao mkubwa umeanza. Nimechagua saa moja na robo asubuhi, mwanga ukiwa umefika katikati ya mlima. Naufanyia kazi nyumbani, nikiwa na zile mbao ndogo za saa hiyo zimepangwa ukutani, na ninarudi ufukweni asubuhi kuhakiki jambo moja kwa safari: leo rangi ya ufuko wa ng'ambo, kesho upana wa ukanda wa upepo.

Utaratibu: mchoro wa brashi kwa siena nyembamba, halafu maeneo makubwa ya baridi na joto yakiwa na tapentaini zaidi, halafu rangi nene juu. Nyembamba chini, yenye mafuta juu, maana tabaka la juu likikauka kabla ya la chini litapasuka. Siena na oka hukauka kwa siku chache. Alizarini na nyeupe ya titani hujivuta, kwa hiyo mbingu nimeiacha ipumzike wakati nashughulikia majabali.

Mwisho wa mwezi jua la mchana limekuja utosini kabisa, na hata ule muda wa mwanga wa asubuhi naona rangi zake zinapauka mapema. Nimefurahi kuwa na mbao za Juni.

Oktoba

Mvua za kwanza zimenyesha, moshi umeoshwa. Vilima vya ng'ambo vimesogea karibu kwa usiku mmoja, miti inahesabika, na mlima uliokuwa maziwa sasa ni bluu ya kobalti yenye kijani tumboni. Ubao mkubwa ni wa kiangazi na utabaki wa kiangazi. Nimekataa kuugusa tangu mvua ianze, isipokuwa majabali ya kushoto, ambako niliongeza mipigo ya waridi juu ya mabega ya bluu, na kushusha ugiza wa maji yaliyo chini yake.

Kwa macho yangu, mlima na hewa vimefika nilipotaka. Majabali yamefika kwa sehemu kubwa. Ufuko wa ng'ambo, ule mstari mwembamba wa nyumba na miembe, bado umesomeka mno, unavuta jicho kabla ya mwanga. Nitaupitia kwa kisu wiki hii wakati rangi ya juu bado inakubali, nibakishe doa moja la bati linalong'aa na kuyeyusha mengine. Vanishi itangoja miezi sita kwa uchache, mpaka mafuta yakauke hadi ndani.

Wakati huo nimeshamwambia fundi akate hadibodi nyingine za ukubwa uleule mdogo, na nimeagiza kobalti ya pili na viridiani. Nahitaji mbao za saa moja na robo zenye hewa ya mvua kabla nyasi hazijaota zikafunika wekundu wa ardhi.